Wakili wa Galbet Anyimwa Haki ya Kufeli

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama juu ya kreti la soda uani kwetu mtaani Galbet, mbele ya ukoo mzima, nikitangaza kwa sauti ya msiba: "Jamani, nimefeli mtihani."

Na ukoo mzima ukaangua kicheko.

Kwa msomaji ambaye gazeti la wiki ile lilimfikia likiwa limefungiwa nyama, nitafupisha. Naitwa Abdiwahid, mwana wa Olow, dalali wa mifugo hapa Garissa. Nilitoka shule ya bweni mwaka jana. Nikapelekwa Nairobi kufanya mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Anayepata hamsini kwa mia anaingia. Mimi nilipata thelathini na moja. Aliyeanguka huruhusiwa kurudia mara moja tu. Akianguka tena, asionekane hata langoni.

Nikarudi nyumbani kusema ukweli, jambo ambalo sina mazoea nalo, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Maana mimi ndiye niliyewahi kutangaza kwamba lori la chakula cha msaada limefika, na nusu ya mtaa wa Waberi ikajipanga juani na magunia matupu. Mimi ndiye niliyeliambia gwaride la shule kwamba mwalimu mkuu amehamishiwa Mandera. Wanafunzi waliimba. Mwalimu mkuu alikwenda kufunga mizigo.

Mtu wa sifa hizo akisema amefeli, mji unajua la kufanya. Mama yangu alipiga vigelegele. Mbuzi akachinjwa. Mjomba wangu, Abti Yarrow, akanikumbatia huku akifuta machozi ya kicheko na kusema, "Wakili wa kweli! Anaanza na uongo!"

Huyu Abti Yarrow mumjue vizuri. Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, wote wawili, ili lawama zigawanyike sawasawa. Ndiye aliyenibandika jina la Wakili kabla sijanunua hata kalamu ya mtihani. Yeye mwenyewe aliufaulu mtihani huohuo ujanani, kama kila mtu ajuavyo, kwa kuwa hachoki kutukumbusha. Kisha akaachana na sheria kwa hiari yake, maana ngamia walimhitaji zaidi. Tangu hapo hukaa kwenye baraza la wazee akiwa na kalamu ya wino mfukoni. Sijawahi kuiona ikiandika.

Basi swali lililobaki ni moja. Nirudie, au nisirudie?

Nikirudia kimyakimya na kufaulu, hakuna atakayejua kitu. Nikirudia na kuanguka, nitakuwa nimefeli mara mbili katika mji usioijua hata ile ya kwanza. Nisiporudia, baba atauza ngamia anilipie karo katika chuo ambacho hakijanikubali.

Na muda ulikuwa umebana. Siku hizi majambazi wameifanya barabara ya Nairobi kuwa shamba lao, kwa hiyo huwezi kusafiri ila kwa msafara wenye askari. Msafara wa kuuwahi mtihani ulikuwa wa Jumamosi. Siku ninayowasimulia ilikuwa Jumatano, siku ya mnada.

*

Asubuhi nilimkuta dada yangu Sahro uani, akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa vijiti.

"Wewe ndiye mtu pekee aliyenisadiki," nilimwambia.

"Sikukusadiki. Nilikuona ukisoma."

"Si basi uliniona nikisoma!"

"Nilikuona ukichora ngamia mwenye nywele za bandia pembeni mwa daftari."

"Yule alikuwa jaji."

Sahro alimaliza shule mwaka mmoja kabla yangu, kwa alama ambazo baba alizisikia, akasema mashallah, akarudi kwenye chai yake. Tangu hapo anauza maziwa ya ngamia na mama sokoni. Mimi nilipata alama za kufunika kwa kiganja, nikapelekwa Nairobi. Nikiwa wakili, nitatafuta hilo linaitwaje kisheria.

"Waliuliza nini?" akaniuliza.

"Mkataba ni nini."

"Ukaandika?"

"Mkataba ni ahadi ambayo mmoja wao ameshaanza kuijutia."

Akauma mdomo. "Na jingine?"

"Kwa nini unataka kuwa wakili."

"Ukaandika?"

"Kwa sababu nimeshaitwa hivyo."

Hapo alicheka, lakini akakikatiza kicheko haraka, kama mtu aliyegundua kwamba amechekea matanga yake mwenyewe.

"Mkataba," akasema, akikung'uta jivu, "ni makubaliano ya hiari. Kila upande unatoa kitu, kila upande unapokea kitu. Nilikusomea maneno hayo mara ngapi, waryaa, we kijana?"

"Mara nyingi."

"Basi zile thelathini ni zangu. Yako ni ile moja."

Msomaji, nimetukanwa na walimu, na makondakta, na askari wa vizuizi vya barabarani. Hakuna aliyewahi kunihesabia kwa usahihi namna hiyo.

"Nirudie?" nikauliza.

"Unataka?"

Nikafungua mdomo nitanie. Ukatoka ukweli. Hilo lilitushtua sote wawili.

"Sijui," nikasema. "Nilipofungua ile karatasi niliogopa, Sahro. Nikaandika mzaha. Mtu akifeli kwa mzaha hajafeli, ametania tu."

Sahro akageuza chombo juu ya vijiti. Moshi ulikuwa ukipita katikati yetu.

"Mwambie Aabo," akasema. Ndivyo tunavyomwita baba.

"Nimemwambia. Alinipiga mgongoni kwa furaha mpaka nikakohoa."

"Mwambie tena. Anauza ngamia gani leo?"

"Yule mzee mwenye jicho moja, nadhani."

"Unadhani," akasema Sahro, akaziba chombo chake.

*

Njiani kwenda mnadani nilisimamishwa na jirani yetu, mama Nunow. Alinishika mkono kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Wakili! Mbuzi wa Shurie amekula mtandio wangu wa harusi. Nimshitaki mbuzi, au nimshitaki Shurie?"

Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikaweka mkono kifuani. "Mama Nunow, mimi si wakili. Wallahi nimefeli mtihani. Nimepata thelathini na moja."

Mama Nunow alinitazama. Kisha akaegemea ua wa miiba, akacheka mpaka miiba ikamchoma, akacheka tena.

"Mwanangu, umeshaiva! Wakili wa kweli hukana kila kitu!"

Akaniahidi nusu ya mbuzi tukishinda kesi. Nikaenda zangu.

*

Sasa nieleze kidogo jinsi mifugo inavyouzwa kwetu, kwa ajili ya ndugu zetu wa bara wanaofikiri tunapiga kelele tu.

Kelele ni za mdomo. Bei ni ya mkono. Dalali na mnunuzi hushikana mikono, na juu ya mikono hiyo hutandazwa shali, ili macho ya watu yasione. Chini ya shali vidole ndivyo vinavyosema. Kidole kimoja kikishikwa ni moja, viwili ni mbili, kiganja kizima ni tano. Ukishataja makumi, unakuna kiganja cha mwenzako, kisha unataja mamoja yanayobaki. Mdomoni waweza kumtukana mwenzako, kumchekesha, kumwapia kwamba unakufa njaa. Yote hayo ni mapambo. Lakini namba ya mkononi haina uongo. Dalali akidanganya kwa mkono mara moja tu, hakuna atakayempa mkono tena, hata wa salamu.

Baba yangu ameishi kwa mkono huo tangu kabla sijazaliwa.

Nilimkuta katikati ya vumbi, ameshikana na Musyoka, mfanyabiashara mnene kutoka Mwingi. Shali jekundu lilikuwa limefunika mikono yao. Watu wamewazunguka.

"Mzee Olow," Musyoka alikuwa akilalamika, "leo umenishika mkono ama umenioa?"

"Bole bole, rafiki. Ngamia hii safi. Fumilia kidogo," baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Kufumilia nitafumilia, lakini hivyo vidole vyako vinaninyonga shingo!"

Watu wakacheka. Mimi pia nikaanza kucheka. Kisha nikamwona ngamia mwenyewe, na kicheko kikanikwama.

Hakuwa yule mzee mwenye jicho moja.

Alikuwa dume mchanga, mweupe, mwenye nundu iliyosimama vizuri. Nilimjua tangu siku aliyojaribu kusimama kwa miguu yake minne na kuanguka kwa yote minne. Alikuwa ngamia wa Sahro.

Mtoto akizaliwa kwetu hufungiwa mnyama siku kitovu chake kinapokatwa. Mnyama huyo ni wake, na watakaozaliwa na mnyama huyo ni wake, hata kama baba yake ni mfalme. Mimi nilikuwa na ngamia wangu wa kitovu. Niliwamaliza, yeye na uzao wake, kwa karo ya shule ya bweni, nikajifunza kwa gharama hiyo jinsi ya kuiga sauti ya mwalimu mkuu. Sahro alifungiwa jike. Dume huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa jike huyo.

Musyoka aliutoa mkono wake, akajipangusa jasho. "Ngoja kwanza ninywe chai, mzee. Mkono umekufa ganzi."

Nikamsogelea baba.

"Aabo, huyu ni wa Sahro."

"Najua ni wa nani."

"Umemwomba?"

"Nilimwambia jana. Alinyamaza. Kunyamaza ni kukubali."

"Ulimwambia kabla ya kuamua, au baada?"

Baba akanitazama kwa fahari. "Mnaona?" akawaambia waliotuzunguka. "Hajaanza hata masomo, tayari ananihoji!"

Wakacheka. "Wakili! Wakili!"

"Aabo, sina masomo ya kuanza. Nilifeli."

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja alilazimika kushikilia mkia wa ngamia asianguke, na ngamia hakupendezwa.

Hapo ndipo nilipoliona lile shali jekundu, bado limening'inia kwenye mkono wa baba.

"Nipe mkono," nikamwambia.

"Unanunua?"

"Nipe mkono, Aabo."

"Wakili ananunua ngamia!" mtu akapaza sauti. Baba, ambaye hajawahi kuukataa mkono wa mtu mbele ya watu, akainua shali. Nikaingiza mkono wangu. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu kama soli.

Nikamsogezea mdomo sikioni. "Ni alama zangu za mtihani," nikanong'ona.

Nikashika vidole vyake vitatu. Nikakuna kiganja. Nikashika kidole kimoja.

Uso wa baba haukubadilika hata kidogo. Uso wa dalali haubadiliki hata nyumba yake ikiungua. Lakini chini ya shali mkono wake ulisimama kama swala aliyesikia kijiti kikivunjika.

Kisha, na Mungu ni shahidi wangu, akapandisha bei.

Vidole vinne. Arobaini.

Nikarudia. Vitatu. Kuna. Kimoja.

Akashika vitatu, akakuna, akashika kiganja kizima. Thelathini na tano. Hiyo ilikuwa sauti ya mkono wa mtu anayesema, basi tukutane njiani, mimi pia nina watoto.

"Aabo," nikanong'ona, "hii si bei."

Vitatu. Kuna. Kimoja.

"Wanataka ngapi?" akauliza bila kutikisa midomo.

Nikakishika kiganja chake kizima. Hamsini.

Mkono wake ukalegea ndani ya wangu. Watu walikuwa bado wakingoja kusikia kama ngamia ameuzwa.

"Ulisema," akanong'ona. "Juu ya lile kreti."

"Nilisema."

"Tukacheka."

"Mlicheka."

"Mbuzi akaliwa."

"Aliliwa, Aabo. Hata mimi nilikula."

Nilitegemea kofi. Badala yake akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza tangu mwanzo wa mkasa huu.

"Kuna kurudia?"

"Mara moja tu. Msafara wa Jumamosi."

"Utarudia?"

"Kwa ngamia wa Sahro?"

"Alinyamaza, nimekwambia."

"Asiyeulizwa hunyamaza vizuri sana, Aabo."

Baba akautoa mkono wake polepole. Musyoka alikuwa amesharudi, kikombe mkononi. "Haya mzee, nimefufuka. Tuendelee?"

"Bado," baba akasema. "Mwenye ngamia hajafika."

"Mwenye ngamia si wewe?"

"Hapana," baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeling'oa jino lake mwenyewe.

*

Hakuhitaji kumtuma mtu. Habari za mnadani hufika kwenye maziwa kabla maziwa hayajaganda. Sahro alikuwa tayari anakuja, akipenya kati ya mbuzi, mikono yake bado imelowa.

Alikwenda moja kwa moja kwa dume wake mweupe, akaishika kamba.

"Naa Sahro," baba akamwita, "njoo."

Akainua shali.

Mnada ukageuka kutazama. Hata mbuzi, naapa. Mzee aliyeshika mkia wa ngamia akasema, "Olow, msichana chini ya shali? Hili tumeliona wapi?"

"Ngamia ni wa nani?" baba akamuuliza.

Mzee akafikiri. Akaangalia chini. Jibu walilijua wote.

Sahro akajipangusa mkono kwenye gauni lake, akauingiza.

Sijui walisemezana nini. Niliona tu shali likitikisika. Likatulia. Likatikisika tena. Midomo ya baba ilikuwa ikinong'ona, ya Sahro ikijibu kwa ufupi. Kisha nikaona kitu ambacho Garissa haijawahi kukiona: jasho likitiririka kwenye paji la uso la Olow dalali.

Musyoka akanigusa kiwiko. "Huyu msichana ananunua ama anauza?"

"Sijui," nikamwambia. "Lakini kama anauza, pole."

Shali likafunuliwa. Baba akamgeukia Musyoka, wakashikana, na safari hii hapakuwa na matusi wala mapambo. Muda mfupi tu. Musyoka akafumba macho, akapiga kiganja cha baba mara moja, pa!

"Imeuzwa," akasema. "Nyinyi mtaniua siku moja."

Nikamvuta Sahro pembeni. "Umemuuza kwa ajili yangu?"

"Wewe nani?" akasema. "Nimemuuza kwa ajili ya mtihani wangu. Jumamosi nakwenda Nairobi. Aabo amekubali kwa mkono."

Nilibaki mdomo wazi. Nzi aliona nafasi.

"Na mimi?"

"Dume wangu anatutosha wawili. Ukitaka kurudia, panda tuende, tutasoma njia nzima. Lakini nina sharti."

"Sema."

"Siendi kufanya mtihani na mtu ambaye kwao amefaulu. Ukiondoka hapa ukiitwa Wakili, mimi nitaonekana nimekusindikiza. Tukirudi, nikiwa nimefaulu mimi na wewe umefaulu, watasema Wakili alimsaidia dada yake. Nikiwa nimefaulu mimi peke yangu, watasema Wakili anatania tena. Kwa hiyo, kwanza ufeli. Hapa. Leo. Mbele ya watu, na waamini."

"Wanakataa kuamini! Umewaona!"

"Aabo ameamini."

"Kwa mkono!"

"Basi mpe mkono Abti Yarrow. Akiamini yeye, mji wote utaamini kabla ya adhuhuri."

Nikamtazama baba. Baba akanitazama. Akalikunjua lile shali jekundu na kunipa, kama mtu anayemkabidhi mwanawe bunduki.

Nitawaambia ukweli, kwa kuwa nimeanza kuuzoea. Nilitaka kukimbia. Kwa maisha yangu yote sijasema jambo ambalo sikuweza baadaye kusema, "Nilikuwa natania." Mle chini ya shali hakuna "natania." Nikimpa Abti mkono, jina la Wakili limekwisha, nami nitakuwa kijana tu aliyeanguka mtihani, anayepanda basi kwa ngamia wa dada yake kwenda kujaribu tena. Na nikianguka mara ya pili, nitaanguka mchana kweupe.

Nisipompa, naendelea kuwa Wakili. Naweza kuzeeka nikiwa Wakili. Ningehitaji kalamu ya mfukoni tu.

"Unataka?" Sahro akauliza. Swali lilelile la asubuhi.

Nikafikiri juu ya karatasi ile ya mtihani, na jinsi nilivyokuwa nikilijua jibu la mkataba. Nililijua, jamani! Alinisomea. Niliogopa tu kuliandika likaonekana si zuri.

"Nataka," nikasema. Na haikuwa mzaha.

*

Abti Yarrow alikuwa anakuja, fimbo kwapani, ndevu zimeng'aa kwa hina, kalamu mfukoni. Alikuwa amesikia kwamba kuna neno chini ya shali na yeye hajashirikishwa.

"Abti!" akaniita kwa mbali. "Wakili wangu! Wanakuonea?"

"Abti," nikamwambia, "nipe mkono."

Akacheka, akawatazama watu aone kama wote wanamwona, akaunyosha mkono wake. Nikalitandaza shali.

"Ni nini tunauza?" akauliza kwa sauti.

Nikamnong'oneza, "Alama zangu za mtihani wa sheria. Tunahitaji hamsini."

Nikashika vidole vyake vitatu.

Bado alikuwa akitabasamu. Nikakuna kiganja. Nikashika kidole kimoja, nikakibana, nisiweze kusema baadaye kwamba niliteleza.

Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

"Abti," nikanong'ona, "ni kweli. Nakwenda kurudia. Waambie watu. Wewe watakusadiki."

Nikasubiri autoe mkono. Hakuutoa. Nilihisi vidole vyake vikitafuta vyangu chini ya shali, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango.

Akashika vidole vyangu viwili. Akakuna kiganja changu. Akashika vinne.

Ishirini na nne.

Kwanza nilidhani ananiuliza bei. Kisha nikakumbuka nilichomwambia tunauza.

Nikamtazama usoni. Abti Yarrow, aliyeufaulu mtihani huohuo ujanani, alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, mbali, kule ng'ambo ya mto, na hakupepesa jicho.

"Abti," nikanong'ona, "hizo ni za nani?"

Kwa mkono wake wa pili akaigusa ile kalamu ya mfukoni. Watu walikuwa wakisogea. Baba alikuwa akingoja. Sahro alikuwa amesimama kando ya ngamia ambaye hakuwa wake tena, mikono imekunjwa. Mzee wa mkia akauliza, "Haya Yarrow, tuambie! Kuna nini humo?"

Abti Yarrow akakohoa. Akainua sauti yake ya barazani, ile inayotumika kufunga kesi.

"Nimesikiliza," akasema. "Kijana huyu ni Wakili. Alifaulu, na mimi ni shahidi wa mkono wake. Na mtu aliyefaulu harudii, kwa hiyo Jumamosi haendi popote."

Umati ukashangilia. Sahro akageuza uso.

Na chini ya shali jekundu, ambapo hakuna aliyeweza kuona, mkono wa mjomba wangu ulikuwa umenishika kwa nguvu zote, ukikataa kuniachia.